Mbao za Kijani

Bangwe, Kigoma
6 Novemba 2023

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama amekaa hapa pembeni na ameniuliza kama nimekusalimu. Nimekusalimu. Sisi ni wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, lakini misa ya kwanza bado anakwenda kwa miguu, na akirudi anapitia mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kukagua dagaa wa watu kana kwamba ana mtumbwi wake. Cherehani yangu inakwenda vizuri, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Msalimie wifi Frida na watoto.

Sasa nisikilize. Jumapili ulinikatia simu mara tatu. Mara ya nne haikuita kabisa. Sawa. Barua huwezi kuikatia katikati, na hii nimeiweka ndani ya kifurushi cha dagaa kinachokuja na basi, maana dagaa najua lazima utafungua.

Ni hivi: kitandani kwa Mama kunaanguka unga. Si vumbi la barabarani. Ni unga wa mbao, laini kama wa muhogo, na kila asubuhi anaukung'uta kwenye shuka. Wiki iliyopita nilipanda juu ya meza nikatazama. Kenchi za paa zina matundu madogo madogo, mamia, kama mtu amekaa akizichoma sindano. Nikigonga kwa mpini wa jembe zinalia kama debe tupu. Fremu ya mlango wa uani niliiegemea tu, kidole gumba kikazama ndani.

Paa hili halijafikisha miaka mitano. La Baba, la miti ya porini, lilikaa thelathini na moja, wewe ukalivua ukisema ni aibu. Juni 2019 ulileta lori kutoka Mafinga, ukasimama uani mbele ya majirani, ukasema kwa sauti, "Mbao hizi zimetiwa dawa. Vitukuu wa Mama watazikuta." Watu walikupigia makofi. Na mimi nilipiga.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na ulijibu kabla ya mambo mengine: mbao zile zilitiwa dawa au hazikutiwa?

Mdogo wako,
Devota

Mwanangu Feliksi, mimi sijambo. Usigombane na mwenzio. Mama. (Ameandika mwenyewe, mkono wake bado unamtii.)

*

Mafinga
22 Novemba 2023

Mdogo wangu Devota,

Marahaba. Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Frida anawasalimu sana. Kijana wetu mkubwa anamalizia mtihani wa kidato cha nne, kisha tutasubiri matokeo. Dagaa nimewapata, asante, japo nilipoikuta barua yako ndani hamu ya kula iliniisha.

Kwanza, sikukukatia simu. Chaji iliisha.

Pili, unanitukana. Nimekaa kwenye biashara ya mbao miaka kumi na tisa. Wewe umekaa kwenye uzi na sindano. Siku ukinisikia nakufundisha kushona kola, uniambie ninyamaze. Mbao zile zilikuwa za kijani. Uliziona wewe, Mama aliziona, Bangwe nzima iliziona. Mbao iliyotiwa dawa huwa ya kijani, ambayo haikutiwa ni nyeupe kama mkate. Mpaka hapo unataka nini tena?

Tatizo lako ni ule mparachichi. Nilikwambia mwaka 2021 nilipokuja kwenye arobaini ya mjomba: matawi yamelala juu ya bati, na shina limejaa njia za udongo za mchwa kutoka chini hadi juu. Mchwa wanapanda mtini, wanashukia kwenye paa, wanakula wanashiba. Juu ya hayo umepanga kuni ukutani. Umewaandalia meza wageni halafu unamuuliza seremala kwa nini wamekula.

Ukate. Chimba kisiki, mwaga dawa ya mchwa shimoni, paka oili chafu kwenye msingi, hamisha kuni. Usinijibu kwamba Mama anaupenda. Mama anapenda pia kulala mahali pakavu.

Na kama unataka ushahidi, nusu ya shehena ile niliishusha Simbo, kwenye darasa la chekechea la kanisa. Mbao zile zile, lori lile lile, siku ile ile. Watoto arobaini wanasoma chini yake. Umewahi kusikia Simbo wamelalamika? Hujasikia, kwa sababu Simbo hawana mparachichi ukutani.

Kaka yako,
Feliksi

*

Bangwe
14 Januari 2024

Kaka Feliksi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwa wifi Frida na watoto. Mama ameniambia nikwambie kwamba hajambo. Basi nakwambia: hajambo. Mstari wake safari hii hatauandika. Amechoka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikitekeleza amri yako. Mparachichi nimeukata tarehe 9 Desemba. Walikuja vijana wawili na msumeno wa mnyororo, ikawachukua tangu saa mbili hadi adhuhuri. Unajua mbegu ya mti ule Mama aliibeba kutoka Kasulu kwenye kanga akiwa na mimba yako. Mimi nilikuwa nimesahau, yeye hajasahau. Alikaa chumbani, mlango ameufunga, uso ameelekeza ukutani, mpaka msumeno ukanyamaza. Kisha akatoka. Alichukua fagio akafagia majani ya uani yote, akarudi ndani. Siku nne hakuzungumza nami.

Na ndani ya shina, kaka, hakukuwa na mchwa hata mmoja. Mti ulikuwa mzima, mweupe, unatoa maji.

Kuna mtu wa Mwandiga anaitwa Bonifasi, kazi yake ni kutibu mchwa na bungua kwenye nyumba za watu. Nilimwita aweke dawa kwenye kisiki kama ulivyoagiza. Akachuchumaa, akabandua zile njia za udongo kwa kisu.

"Hawa walikuwa wanakula ganda lililokufa tu," akasema. "Mti huu walikuwa hawana shida nao. Dada, nani alikwambia uukate?"

"Kaka yangu. Anauza mbao."

Aliendelea kufuta kisu chake kwenye nyasi.

Kisha tarehe 29 Desemba, saa nane mchana, mvua ikinyesha, kenchi mbili za chumba cha Mama zilikatika, bati likaingia ndani. Sasa Mama analala kwenye chumba changu cha kushonea, kati ya cherehani na kabati. Mimi nalala chini.

Bonifasi alirudi. Alichukua kipande cha kenchi iliyovunjika, akakikata kwa msumeno katikati, akaniita. "Tazama hapa. Mbao iliyokunywa dawa, kijani kinaingia ndani. Hii kijani chake ni unene wa ukucha." Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua ile sehemu ya juu. Kitambaa kikawa kijani kama kilichotolewa kwenye beseni la rangi. "Hii ni rangi, dada. Hakuna dawa hapa. Na wala si mchwa. Ni bungua, wanataga ndani ya mbao yenyewe na watoto wao wanakula kutoka katikati. Nje unaona matundu ya sindano, ndani hakuna mbao, kuna unga."

Nimekitunza kitambaa hicho. Nimekuwekea kipande chake kwenye bahasha hii. Kinuse.

Uliniambia nikate mti wa Mama huku ukijua?

Na Simbo, kaka. Umeandika kwa mkono wako: mbao zile zile, watoto arobaini. Wapigie simu leo hii. Usiningoje mimi.

Devota

*

Mafinga
12 Februari 2024

Devota,

Salamu. Tuko salama.

Huyo Bonifasi anauza dawa. Mtu anayeuza dawa akifika kwako, lazima akukute mgonjwa. Nashangaa mtu mzima kama wewe umechezewa na kitambaa na mafuta ya taa.

Kijana amefaulu, amepata daraja la pili. Mwambie Mama.

Nitaagiza mabati mapya manne na mbao za kubadilisha zile mbili zilizokatika. Zitafika na lori la mtu ninayemfahamu mwezi ujao. Fundi mtafute wewe. Kwa upande wangu mambo haya yameishia hapo.

Kuhusu Simbo: usiende. Nakuambia kama mkubwa wako. Watu wa kule ndio walionipa jina mkoa mzima wa Kigoma, nina oda zao mpaka Kasulu. Ukifika pale na hadithi zako, hutaniharibia paa, utaniharibia maisha. Frida na watoto wanakula kwa mbao hizo. Fikiria kabla hujafungua mdomo.

Feliksi

*

Bangwe
5 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Mwambie kijana Mama amempongeza, amefurahi sana. Safari hii hakuna dagaa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipoandika "sikupaka rangi." Sikupaona. Umemtukana Bonifasi, umeniita mjinga, umeniletea matokeo ya mtoto, umetoa mabati manne. Maneno mawili tu ndiyo yaliyokushinda.

Basi nimekwenda Simbo.

Tulikwenda Jumatano iliyopita, mimi na Bonifasi kwenye pikipiki yake. Tulifika saa nne kasoro. Mwalimu wao anaitwa Wema, binti mdogo kuliko mimi, mnyoofu, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Watoto walikuwa wanaimba namba. Walituona wakasimama wote, "Shikamooni wageni!" Nilitaka ardhi inimeze. Nikatazama juu, nikaona kijani. Kijani kile kile cha chumbani kwa Mama.

Nilimwambia Mwalimu Wema tunaomba kuangalia paa. Akawatoa watoto nje wakacheze. Bonifasi akapanda juu ya madawati mawili, akatoa bisibisi, akaiegemeza kwenye kenchi ya katikati. Hakuigonga. Aliisukuma taratibu tu, nayo ikaingia mpaka mpini. Alipoichomoa, unga ukamwagika kwenye madaftari mezani.

Mwalimu Wema akaupangusa kwa kiganja, akaunusa. "Tulidhani ni vumbi la mabati," akasema. "Tangu mwaka jana tunafagia." Kisha akanitazama. "Dada, wewe umejuaje?"

"Kwetu limeanguka."

"Na ninyi mbao zenu mliuziwa na nani?"

Hapo, kaka, nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilikukumbuka ukinibeba mgongoni tukivuka mto kwenda shule. Nikasema, "Aliyeziuza ni kaka yangu wa tumbo moja. Anaitwa Feliksi. Ni rangi, hazikutiwa dawa."

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akasema, "Mwanangu mimi anakaa dawati la tatu." Basi. Akatoka nje, akawakusanya watoto, akawapeleka kwenye kibanda cha turubai nyuma ya kanisa, akaanza somo upya.

Usidhani nilishangiliwa. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliniambia nina wivu na ndugu yangu aliyefanikiwa. Mzee mmoja aliniuliza kwa Kiha mimi ni dada wa namna gani. Wamesema watoto watakaa kwenye turubai kwanza, halafu wataona.

Sasa lile nililokuficha. Tarehe 29 Desemba Mama alikuwa chumbani. Kenchi ilimwangukia kwenye bega la kulia. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Alikaa hospitali siku sita, na mkono ulifungwa shingoni mpaka juzi. Ndiyo maana hakuandika mstari wake. Alinikataza nisikwambie: "Atapata uchungu, ataacha kazi, Frida na watoto watateseka." Alikuwa amelala na bega limevunjwa na mbao zako, na bado anawahurumia watoto wako wasikose chakula.

Nilimtii Mama miezi miwili. Leo simtii tena. Nataka upate uchungu.

Devota

*

Mafinga
24 Machi 2024

Devota,

Sijui nikusalimu vipi. Frida amesoma barua yako kabla yangu, alifungua kifurushi mwenyewe akitegemea dagaa, akakuta karatasi tu. Anapika, anaweka mezani, anaondoka.

Nilipaka rangi.

Umetaka maneno, ndiyo hayo. Juni 2019 mtambo wa kutia dawa wa hapa tunapopeleka mbao zetu ulikuwa umeharibika, walisema tusubiri wiki tatu. Lori lilikuwa limekwisha kufika. Simbo walikuwa wanapiga simu kila siku, Mama nilikuwa nimemwahidi paa kabla ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Nilichanganya rangi kwenye pipa, nikachukua brashi. Mimi mwenyewe, siku mbili, nyuma ya ghala. Vibarua niliwapa likizo. Nilijiambia paini ya Mafinga ni ngumu, itakaa miaka kumi, na baada ya miaka kumi nitakuja kulibadilisha kimya kimya. Nilijiambia Kigoma ni mbali. Nilipokuwa naandika ile barua ya mparachichi nilijua. Niliandika haraka ili nisijisome.

Lakini na wewe nisikilize, kwa sababu na mimi nina hasira. Umesimama Simbo ukataja jina langu mbele ya watu, na kwangu mimi nduguyo ulikuwa umenyamaza kuhusu mfupa wa Mama. Miezi miwili na zaidi! Kama ungenipigia simu siku ile ile, ningekuwa Bangwe kabla ya mwaka mpya. Ulinitumia kitambaa ninuse, hukunitumia habari kwamba mama yangu yuko hospitali. Unanihukumu kwa kuficha, wewe ulikuwa unafanya nini? Mama alikukataza, sawa. Na mimi kuna watu walinifanya nikaharakisha. Kila mmoja ana mtu wa kumsingizia.

Sitaki unijibu hilo. Najua hayalingani. Nimeandika tu kwa sababu linaniuma.

Nimeuza pikipiki na mashine moja ya kuranda. Mbao zinaingia kwenye mtambo wiki hii, na safari hii nimekaa pale pale kuangalia. Nitakuja nazo mwenyewe mwishoni mwa Aprili. Nitaanza kwa Mama, kisha nitakwenda Simbo.

Feliksi

*

Bangwe
18 Aprili 2024

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Bega la Mama limeunga, ila halinyanyuki juu ya sikio. Kanga anafungwa na mimi.

Kuhusu kuficha, umenipata. Sina la kujitetea. Nilikuficha habari za Mama nikijidai ni utii, na ndani yangu nilikuwa nafurahia kwamba kuna kitu kikubwa hukijui. Nimeungama kwa padri, sasa nimeungama kwako. Hasira yangu haijapungua kwa hilo hata kidogo, usije ukajifariji.

Nakuandikia haraka, basi linaondoka kesho alfajiri. Juzi Jumanne paa la Simbo limeanguka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mvua ilianza saa mbili, si ya kutisha, mvua ya kawaida tu. Mwalimu Wema alikuwa kwenye turubai na watoto, wanakunywa uji. Anasema alisikia kitu kama mtu anayekunjua mkeka mkubwa, halafu kishindo kimoja. Alipotoka aliona kuta nne na mbingu juu yake. Nimekwenda jana kuona kwa macho yangu. Mabati yamelala juu ya madawati. Dawati la tatu limekatika katikati. Ubao wa kuandikia una kenchi imepita ndani yake, na bado unasomeka: moja, mbili, tatu.

Saa nne, kaka. Saa ya uji. Miaka yote uji wanakunywa ndani.

Na ujue hili: kamati walikuwa wamekwisha kuamua watoto warudi darasani Jumatatu ijayo, wamechoka na turubai linalovuja. Zilibaki siku sita.

Yule mwenyekiti alikuja akasimama karibu yangu. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Wajukuu zangu ni wawili humo." Tukatazama mabati pamoja.

Nilirudi nikamsimulia Mama yote, pamoja na ile barua yako ya rangi, maana sitaficha tena kitu katika nyumba hii. Alisikiliza hadi mwisho. Nikangoja alie. Hakulia. Alisema, na ameniambia niandike kama alivyosema:

"Mwambie aanzie Simbo. Asikanyage Bangwe kabla ya kumaliza Simbo. Nikimwona sasa nitamkumbatia, na hilo halitamsaidia mtu."

Mimi nami sikutaki hapa kwa sasa. Ukifika, lori lipitilize.

Devota

*

Simbo
23 Mei 2024

Mdogo wangu Devota,

Marahaba, kama bado unanipa shikamoo. Barua hii anakuletea mama mmoja anayeuza muhogo, anashukia Mwandiga kisha anakuja soko la mjini. Nimekaa hapa karibu wiki nne, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwenu, na sijakanyaga Bangwe. Mwambie Mama nimetii.

Nilifika tarehe 27 Aprili. Jumapili yake padri alinipa nafasi baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kuhusu mtambo na lori na haraka. Niliposimama nikawaona wale watoto wamekaa mbele chini, nikasema tu, "Niliwauzia rangi. Nilijua." Nikakaa. Baba mmoja alinyanyuka akaja mpaka nilipo, nikafikiri atanipiga. Alinitazama usoni, kisha akatoka nje. Afadhali angenipiga.

Hakuna aliyenipa nyumba ya kulala. Nililala ndani ya lori hadi likaondoka, kisha kwenye stoo ya kanisa. Chakula alileta bibi mmoja, anaweka sahani mlangoni, ananisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," anaondoka bila kungoja jibu. Mafundi wa hapa walikubali kufanya kazi nami kwa sharti moja: kila mbao niikate ncha mbele yao kabla haijapanda, waone ndani. Nimekata ncha mia moja na themanini na nne. Bonifasi alikuja mara mbili bila kuitwa. Alipaka dawa kwenye msingi, akaweka bati jembamba kati ya ukuta na mbao ili mchwa wa ardhini wasipande. Nilimwomba radhi kwa nilivyomwandika. Alisema, "Uliniandika wapi?" Kumbe hukumwambia. Asante.

Tulimaliza Jumamosi. Jumatatu wazazi walikuja kufungua darasa. Madawati yalikuwa yamepangwa, watoto wamevaa sare. Nikadhani tunaingia. Mwenyekiti akanyoosha mkono kuwazuia.

"Watoto wetu hawaingii," akasema, "mpaka mvua ipige na yeye akiwa ndani."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha. Nilingoja Jumatatu, nikangoja Jumanne, mbingu safi kabisa. Niliona mvua zimekwisha kwa mwaka huu, nitakaa hapa hadi Oktoba. Jana mchana wingu likapanda kutoka upande wa ziwa. Mtu akapiga kengele. Wakaja wote, wanaume, wanawake na watoto, wakasimama nje na miamvuli na magunia kichwani. Nikaingia peke yangu. Mlango wakaufunga.

Nilikaa kwenye dawati la tatu, lile lililoungwa upya. Ni fupi, magoti yalinifika kifuani. Mvua ilipiga karibu saa nzima, na upepo. Devota, mimi ndiye niliyezipanga mbao zile, nilizikata ncha zote, najua zimekunywa dawa. Na bado kila bati lilipolia niliinamisha kichwa, nikakifunika kwa mikono. Nilimuona Mama. Nilimuona mtoto wa Mwalimu Wema na waliokaa hapo kabla yake, kila asubuhi kwa karibu miaka mitano, bila kujua. Walikuwa wananitazama dirishani, wote. Hakuna aliyecheka.

Mvua ilipokatika mlango ulifunguliwa. Mwalimu Wema aliingia, viatu vimejaa matope. Akatazama juu, pembe moja, pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Nikasimama.

"Sogea," akaniambia. "Hapo ni mahali pa mtoto."

Nikatoka. Watoto wakaingia.

Kesho nafunga vyombo. Nitakuja Bangwe kama Mama atanifungulia mlango. Nawe usipotaka kuniona, nitafanya kazi ukiwa kwenye cherehani na sitaongea. Mbao za chumba chake ziko hapa kanisani, nimeziwekea alama. Kabla sijazipandisha nitamkatia kila moja ncha, aone kwa macho yake.

Kaka yako,
Feliksi